Vunjajungu watatu wamenivunjia pedi: wadudu wa kwenye magemu, nani kachorwa na nani kakuzwa tu

Oya wazee mambo vipi, shikamooni wakubwa wote mnaonicheki, karibuni tena chaneli yetu, mie ni yule yule wenu wa Tanga, waja leo waondoka leo, ila nyie msiondoke, kaeni hapo hapo maana leo nimekuja na hasira.

Hii mnayoiona mkononi ni pedi, kile kidude cha kuchezea gemu. Yaani ilikuwa pedi. Cheki stiki ya kushoto inavyoning'inia, kama jino la mtoto wa darasa la kwanza. Sijaikalia, haijaanguka kwenye maji, imevunjwa na mdudu. Cheka tu, ila ngoja nikwambie.

Enzi zile tunakaa kwa bibi Ngamiani, barabara ya 13, ukionekana tu umemshika vunjajungu bibi anapiga kelele toka uani, muache huyo! Maana wanasema ukimchezea, chombo cha kwanza utakachoshika baada ya hapo kinavunjika, ndo jina lake lenyewe hilo, vunja jungu. Na sio ile vunja jungu ya mwisho wa Shaabani tunayokula mpaka mtu unashindwa kufunga suruali, hiyo nyingine. Sie tulijua bibi anatutisha tu tusikaribie vyungu vyake. Sasa juzi mie nimepigana na vunjajungu watatu masaa matatu, nimekufa mara ambazo sizitaji hapa, ya mwisho nikairusha pedi kitandani, kwa adabu kabisa, kitandani, kitanda kikairudisha ukutani. Ndo hiyo.

Najua wengi mmekuja kwa ajili ya Silksong, lile gemu linaloendeleza Hollow Knight. Mmenikaba kwenye komenti wiki nzima, lini Silksong, lini Silksong. Ninayo. Nimeinunua kwa hela yangu dola 20, hapo karibu elfu hamsini, hakuna mtu kanitumia bure, kwahiyo nikisema kitu kibaya ni hela yangu inaongea. Gemu limetangazwa 2019 likatoka tarehe 4 mwezi wa 9 mwaka 2025, watu wameoa na kuacha humo katikati. Ila nilitaka nirudi kwanza kwenye ile ya mwanzo, Hollow Knight ya 2017, nijikumbushe mkono, ndo nikakutana tena na hawa madada, yaani wale vunjajungu watatu, nikasema basi, wiki hii Silksong isubiri, tuongelee wadudu. Sitaki kuanza kuwaelezea Hollow Knight ni nini, ni ya wale jamaa wachache wa Adelaide, Australia, dunia nzima ya humo ni wadudu, mnaijua, twende.

Mie nna mawazo yangu, na mkiyakataa kataeni kwa adabu. Wachoraji wa magemu wako wa aina mbili. Kuna anaemtazama mdudu, akakaa chini akamwangalia anavyokula, anavyosubiri, anavyokimbia. Na kuna anaechukua mdudu akamkuza mara mia, akammwagia ute, akampa meno ambayo mdudu hana, kazi imeisha, leta hela. Huyo wa pili ndo wengi.

Mfano mmoja unanikera mpaka leo. Resident Evil 5 ya 2009. Mnaikumbuka, tuliicheza sana kibandani kwa jero. Gemu linasema tuko Kijuju, Afrika Magharibi, mji wa kubuni, haya sawa. Halafu watu wa humo wanakukimbiza na mashoka wanapiga kelele kwa Kiswahili! Kiswahili, Afrika Magharibi! Na maadui wenyewe wanaitwa Majini. Ndugu yangu, usije Tanga ukawatisha watu na majini halafu ukawaletea mtu mwenye shoka, hapa watakuuliza jini wa baharini au wa mbuyuni, na katumwa na nani.

Sasa humo ndani kuna dude linaloruka linaitwa Kipepeo. Kipepeo! Ulitazame mbele, ulitazame nyuma, kipepeo hakuna hapo. Mtu kafungua kamusi kaona neno tamu kalibandika. Yaani hapo juu tu Amani, Usambara Mashariki, unapita Muheza unapanda, kuna wanakijiji wanafuga vipepeo kweli, wanamlea kiwavi kwenye majani yake mpaka anajifunga, ile pupa ikawa inasafirishwa Ulaya na Marekani kwenye nyumba za maonesho, mpaka 2016 serikali ilipozuia kutoa wanyamapori hai nje ya nchi ndo biashara ikayumba. Mtu wa Amani angekaa na hao wachoraji nusu saa tu, wangetoka na kitu cha kukunyima usingizi. Kiwavi anajifunga, ndani ya lile ganda mwili wake sehemu kubwa inayeyuka kabisa, halafu anatoka kiumbe mwingine. Si ndo hadithi ya kutisha hiyo? Ipo bure! Wao wakachukua jina tu.

Ila ngoja niwe mkweli, gemu hilo hilo lina mdudu anaitwa Reaper, katokana na mende. Nilikuja hapa nimeshamwandikia mbili juu ya kumi, maana ni mende kakuzwa kasimamishwa, wale wale. Sasa jana usiku nikamcheza tena na nimepandisha. Kwa sababu huyo ukimwacha akufikie anakukumbatia mara moja umekwisha, hata kama afya imejaa, na pale penye ulaini unapaona pale tu anapofungua mikono kukufata. Yaani ili umpige lazima umsubiri aje. Hiyo nimeipenda. Nampa sita. Tano na nusu.

Lakini bado, mende sio huyo. Mende wa kweli kinachotisha sio ukubwa. Mende akitembea ukutani, ndala ipo, kila mtu shujaa. Mende akiruka je? Baba mwenye ndevu zake na watoto sita anatoka nje na taulo. Kile kitendo cha kutojua ataelekea wapi, kwa sababu na yeye hajui, gemu ambalo limekipata hicho sijawahi kulicheza, kama unalijua niandikie, nakuomba.

Haya, sasa tuingie kwa madada, hapa ndo ntakaa. Natumia pedi ya mdogo wangu, anaidai saa kumi na moja, kwahiyo fasta.

Cheki skrini. Kijiji cha vunjajungu. Nimeshuka mpaka chini, hapo mbele kuna viti virefu, wamekaa watatu. Ona kwanza wanavyokaa. Hawakurukii. Hawapigi kelele. Wanakutazama tu. Gemu lenyewe linawaita Mantis Lords, mabwana, ila kwenye ile nyongeza ya 2018 wakaitwa madada, ndo mie nasema madada. Hapa mpaka wewe mwenyewe uwaombe pambano. Nikibonyeza hivi nimewaheshimu, na mmoja, mmoja tu, anasimama, anashuka. Wale wawili wamebaki wamekaa, wanaangalia. Gemu ngapi ulizocheza maadui wanasubiri zamu?

Subirini, adhana.

Haya. Tuendelee. Cheki hapa, nataka muone kitu kimoja na ntakirudia mpaka mchoke. Kabla hajapiga. Anatua pale pembeni, anatulia, mkuki kaushika hivi, na hapo kuna kanukta ka muda, nukta moja tu kama anavuta pumzi, halafu huyo! Kapita. Nimekula moja. Tena. Ametua. Katulia. Huyo! Umeona? Narudisha nyuma, naweka polepole. Ona mwili hausogei kabisa, kabisa, halafu fremu inayofata yuko upande wa pili wa skrini.

Sasa nenda bustanini, tafuta vunjajungu wa kweli, usimshike, we mtazame tu. Atakaa kama jani. Anaweza kuyumbayumba kidogo kama jani linapepewa. Kichwa ndo kinageuka kukufata, ana shingo ya kugeuka yule sio kama wadudu wengi, ndo maana unahisi anakuangalia wewe binafsi. Inzi akija, ile mikono inatoka na kurudi chini ya sehemu ya kumi ya sekunde, hata hujui kimetokea nini, unaona tu tayari anakula. Kutulia, halafu imekwisha. Wale jamaa wa Adelaide wamechukua hiyo, hiyo tu, wakaifanya pambano zima. Hawakumkuza. Tena bosi wenyewe sio wakubwa hata, ni warefu wembamba. Miguu hata sijaihesabu na sina haja.

Naendelea, msinisemeshe. Sasa huyu anashuka toka juu na mkuki chini, unakwepa pembeni. Sasa anajibandika ukutani, anarusha kitu kama mundu, kinaenda kinakunja kona kinarudi, hapo unaruka, aaah! Nimeruka mapema. Sawa. Nimepiga, nimepiga tena, na... haya, kaanguka. Ona anavyorudi kwenye kiti chake. Hajalipuka, hajatoa damu kama bomba, amekubali tu kashindwa. Na sasa wale wawili wanashuka kwa pamoja.

Hapa ndo pedi ilipofia. Maana ni mapigo yale yale matatu, hakuna jipya hata moja, ila wako wawili na wanapishana kama wapiga ngoma, mmoja anapita chini mwingine anadondoka juu, ukifata mdundo unacheza, ukichanganyikiwa nukta moja umeliwa. Chini, juu, chini. Mundu huu, mundu ule, vinapishana katikati, unaruka hapa... hapana hapana hapana! Haya nimekufa. Sio mbaya, mie nilishawapiga jana kwa kibodi, ntawawekea hapa kipande mwone mwisho.

Hicho hapo. Wamerudi vitini wote watatu, na wanainama. Wanakuinamia! Na ukitoka hapo ukapanda kule kijijini, wale vunjajungu wa kawaida waliokuwa wanakuchana toka unaingia, sasa ukipita hawakugusi. Umeshinda mbele ya wakubwa zao, basi, we mtu wa heshima. Mie nilipoona hivyo mara ya kwanza nilikaa kimya.

Na kuna kiti cha nne pale kimevunjika, wengi mnapita hamkioni. Alikuwepo wa nne. Akaupokea ule ugonjwa unaoenea humo gemuni, akaondoka na wafuasi wake, utamkuta mbele huko kwenye bustani za malkia. Yule mkuki hana tena. Anapiga kwa makucha, anarukaruka, amevimba. Mdudu yule yule, ila ule utulivu wote umemtoka, kabaki mnyama. Wamekueleza habari nzima ya ukoo bila mtu kukaa kitako kukusimulia dakika kumi, kwa namna anavyopigana tu. Hapo mie nalipa hata elfu hamsini nyingine. Hapana, hamsini nyingi. Ishirini.

Mtu kaandika wiki iliyopita, kaka mbona wawasifia wale wadogo, Monster Hunter je? Ndugu, Monster Hunter, yale magemu ya kuwinda madude, naipenda, ila ile World ya 2018 ambayo ndo iliwaleta wengi wenu, madude makubwa ya kiwadudu hamna. Majoka na mijusi tele, mdudu mkubwa wa kupigana nae hola. Nilikasirika. Rudi kwenye Monster Hunter 4, ile ya 2013 ya 3DS, kale kamashine ka mkononi ka Nintendo, kuna Seltas Queen. Mwanamke ni lidude lizito kama kifaru cha vita, mwanaume ni kakijani kadogo kanaruka. Jike linaachia harufu, dume linakuja mbio, linakaa mgongoni wanapigana pamoja, mara jike linamrusha dume kama jiwe. Na mama akichoka akasikia njaa, anamla. Anamla mumewe hapo hapo katikati ya vita na vita vinaendelea! Siku ya kwanza nilisimamisha gemu nikaenda kunywa maji. Mchoraji wa hilo dude alikaa na kitabu cha wadudu, huwezi kuniambia vingine, maana harufu ya kuitana ipo kweli, jike kumzidi dume ukubwa ipo, na kumla dume si vunjajungu huyo huyo wa bibi?

Na Nerscylla, buibui wa humo humo. Mie nilikuwa nasemaga mabuibui kwenye magemu ni uvivu, ukikosa wazo weka buibui, kila gemu lina pango na kila pango lina buibui. Ila huyu anamwinda mnyama mwingine mwenye ngozi kama mpira, anamchuna, anaivaa ile ngozi mgongoni imkinge na umeme. Buibui kavaa buibui! Nilicheka peke yangu chumbani. Karudi pia kwenye Monster Hunter Wilds ya 2025. Kwahiyo nafuta kauli, sio mabuibui yote.

Halafu msije na zile za buibui sio mdudu, ana miguu minane. Najua. Shuleni ana miguu minane. Nyumbani kwetu buibui mdudu, nge mdudu, tandu mdudu, mjusi akipita usiku bibi anasema kuna mdudu. Kuna na mdudu wa kwenye mabaa, huyo tumwache.

Na yule anaesema mdudu mkubwa haiwezekani, hewa haitomtosha, ni kweli kwa leo, wadudu hawana mapafu, wanapitisha hewa kwenye vitundu vya ubavuni, mwili ukizidi ukubwa haifiki ndani. Ila miaka kama milioni 300 nyuma kulikuwa na mdudu wa jamii ya kerengende anaitwa Meganeura, bawa hadi bawa sentimita kama 70. Hebu pima kwa rula. Kwahiyo hata hicho cha kukuza tu, dunia ilishakifanya kwanza.

Tusisahau Grounded, ile umepunguzwa umekuwa mdogo kama sisimizi. Wameweka kitufe cha wanaoogopa buibui, unashusha taratibu, buibui anapungua miguu, ukifika mwisho linabaki tufe tu linaelea. Nilimshushia mdogo wangu mpaka mwisho ili acheze. Akacheza dakika mbili akaniambia kaka rudisha miguu, hili tufe linanitisha zaidi. Hicho ntakifanyia video yake.

La mwisho, Dung Defender, kwenye Hollow Knight hiyo hiyo. Yule mbawakawa wa kuviringisha mavi. Gemu jingine wangemfanya kichekesho. Huyu ni mmoja wa mashujaa wakubwa wa ufalme ule, yuko kwenye mitaro ya maji machafu peke yake bado analinda, anakurushia mabonge ya mavi huku anacheka kwa furaha, na ukimshinda anafurahi pia. Ukipata ile nishani yake unanuka, na kuna muuzaji mmoja ukimwendea unanuka hivyo anakupunguzia bei. Jaribu hiyo pale soko la Mgandini uone.

Habari za chaneli haraka haraka, kuanzia sasa video ni Jumamosi sio Ijumaa, maana Ijumaa mchana nyumba imejaa wageni mnasikia mpaka vijiko. Maiki ni mpya, feni ndo ya zamani. Walioniuliza kama nauza ile mashine ya gemu ya Switch, siuzi, acheni kuniandikia bei za kunitukana.

Na Silksong, yule binti wa humo anaitwa Hornet, yaani dondora, kumbe mama yake buibui. Nna maneno mengi hapo. Ila inategemea fundi. Stiki peke yake kasema elfu kumi na tano, nimemwambia kumi, kaniambia nirudi kesho. Akipunguza, Jumamosi tuko pamoja. Asipopunguza nacheza na kibodi, mkiona naruka hovyo hovyo mjue ndo hiyo. Sa, mdogo wangu kashagonga mlango anataka pedi yake, laiki hapo chini, na yule wa mende anaeruka asisahau kuniandikia.